Alama 16 juu ya 20

Katika mikutano ya vikundi vyenu tumeulizwa zaidi ya mara moja swali lenye uchungu: masomo ya biashara yanayotolewa katika vyuo vyetu yana faida gani, ikiwa mtu anatoka na diploma mkononi lakini hawezi kumsaidia mama yake mzazi kujua kama mandazi anayouza yanaleta faida au hasara? Tungependa kulijibu kwa kusimulia jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Lubumbashi, katika kazi ya kuwafundisha wanafunzi wa biashara kwa njia ya wateja wa kweli. Njia hiyo tunaiamini hata leo. Lakini mara ya kwanza tulipoitumia, kuna mtu aliyelipa gharama ya somo letu, naye hakuwa mwanafunzi wala mwalimu.

Sisi tulisomea ualimu. Kwa miaka mingi tumefundisha shuleni siku za kazi, na katekesi siku za Jumamosi. Miaka kadhaa iliyopita, chuo kimoja cha biashara cha mji wetu kilituomba tushirikiane na mhadhiri wake wa uhasibu ili kupanga upya mazoezi ya vitendo ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Yeye alijua biashara; sisi tulitazamiwa kujua namna ya kufundisha.

Hadi wakati ule wanafunzi walikuwa na njia mbili za kuonja kazi. Ya kwanza ilikuwa staji. Kila mmoja alipeleka barua katika ofisi au kampuni, akakaa huko mwezi mmoja au miwili, akarudi na ripoti yenye muhuri. Ninyi mliopitia huko mnajua mambo yanavyokwenda mara nyingi: kijana hupewa kiti karibu na dirisha, hutumwa kupiga fotokopi na kununua maji, kisha huazima ripoti ya mwenzake wa mwaka uliotangulia ili ajue la kuandika. Muhuri ni wa kweli, lakini kazi haikufanyika.

Njia ya pili ilikuwa kisa cha darasani. Njia hii ilipata nguvu katika shule ya biashara ya Harvard, huko Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1908. Mwanafunzi husoma habari za kampuni iliyokabiliwa na uamuzi mgumu, halafu darasa hujadili lingefanya nini mahali pake. Ni njia nzuri, nasi tunaitumia. Hata hivyo ina mpaka wake. Aliyekiandika kisa amekwisha kutenga lililo la maana na lisilo la maana. Hesabu zimekwisha kusafishwa. Na uamuzi wowote ambao darasa litaufikia, hakuna duka litakalofungwa kesho kwa ajili yake.

Tukakumbuka mambo tuliyofundishwa zamani katika chuo cha ualimu. Ovide Decroly, daktari Mbelgiji aliyefungua shule mjini Bruxelles mwaka 1907, alitaka masomo ya mtoto yaanzie katika mahitaji ya maisha: chakula, kujikinga na baridi na hatari, kufanya kazi pamoja na wengine. Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya kijiji huko Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, aliingiza darasani mashine ndogo ya kuchapa mwaka 1924. Watoto wake walichapa wenyewe maandishi yao na kuyapeleka kwa wanafunzi wa shule nyingine. Mtoto aliyejua kwamba kuna msomaji anayemngoja aliandika kwa uangalifu asiokuwa nao alipomwandikia mwalimu peke yake. Nao wanafunzi wa shule ya biashara iitwayo ESSEC, huko Ufaransa, waliunda mwaka 1967 chama cha kwanza cha aina ya Junior-Entreprise, ambamo wanafunzi wenyewe hufanya uchunguzi kwa ajili ya kampuni za kweli na kulipwa kwa kazi hiyo. Wazo lilikuwa moja: kazi ya mwanafunzi iwe na mtu anayeihitaji.

Basi tukaamua kujaribu. Tulikuwa na wanafunzi 30, tukawagawa katika timu 6 za watu 5. Tukatafuta wateja 6 katika mitaa tunayoifahamu: fundi seremala, mshonaji wa nguo, mwenye kinu cha kusaga mahindi, kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni, muuzaji wa vipuri vya pikipiki, na mama mmoja mwenye duka dogo la unga katika komini ya Katuba. Kila timu ilipewa majuma 8. Ilitakiwa imtembelee mteja wake, ichunguze biashara yake, itafute tatizo kubwa kuliko yote, na kumpa ushauri wa maandishi. Ripoti ingetolewa kwa Kifaransa mbele ya baraza la wahadhiri, na alama zingetolewa siku ile ile.

Ile timu ya Katuba ilikuwa timu yetu ya kujivunia. Vijana wale walikuwa na bidii. Walimkuta mama yule akiuza unga wa bukari kwa kopo, pamoja na chumvi, mafuta na sabuni. Hakuwa na hesabu yoyote ya maandishi, isipokuwa daftari moja la shule alimoandika majina ya watu waliochukua unga kwa deni. Vijana walilichukua daftari hilo kama mchimbaji aliyeona jiwe linalong'aa. Walijumlisha madeni yote, wakayalinganisha na mtaji wa mama, wakaona kwamba karibu theluthi moja ya mtaji ilikuwa imelala katika nyumba za watu. Wakachora jedwali. Wakawapa watu wale 23 wa daftarini jina la walipaji wabaya. Ushauri wao ulikuwa mfupi na wenye nguvu: Mama akomeshe deni mara moja, auze kwa fedha taslimu tu, na baada ya miezi 2 mtaji wake utakuwa umerudi mkononi.

Baraza la wahadhiri lilipendezwa. Nasi tulipendezwa. Tuliwapa alama 16 juu ya 20, alama kubwa kuliko za timu zote. Hapo tunapaswa kuungama kosa letu wazi. Tulisoma ripoti ile yenye kurasa 34 tangu mwanzo hadi mwisho, tukasahihisha hata nukta na mkato, lakini lile neno walipaji wabaya halikutushtua. Na sisi ni walimu wa shule! Katika miaka ambayo mshahara ulichelewa, nyumbani kwetu nako unga ulichukuliwa kwa deni, na jina letu lilikuwa katika daftari la mama mwingine, katika mtaa mwingine. Watoto wetu walikula kwa sababu ya daftari lile. Tulikuwa na ujuzi uliohitajika ili kuisahihisha ripoti, lakini tuliuacha mlangoni pa chuo, kana kwamba maisha yetu hayakuwa elimu.

Yapata miezi 2 baadaye, siku ya Dominika, tulikuwa tumesimama nje ya kanisa baada ya misa. Mama yule akatujia, akatusalimu kwa heshima, akauliza:

“Mwalimu, wale watoto walipata ngapi?”

“Walipata 16 juu ya 20, Mama.”

Alifurahi, na furaha yake haikuwa ya kujifanya. “Mungu asifiwe,” alisema. “Walisumbuka sana na jua.” Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: “Sasa uniombee kwao warudi siku moja. Wateja hawaji tena. Sijui niwaite namna gani, kwa maana ni mimi niliyewafukuza.”

Juma lile tulikwenda Katuba wenyewe. Mama alikuwa amefuata ushauri wote, neno kwa neno, kwa sababu ulitoka kwa watoto wa chuo kikuu na karatasi yake ilikuwa na jina letu chini. Kabla ya hapo alikuwa akinunua magunia 12 ya unga kwa juma. Sasa alinunua 7. Tukafungua daftari pamoja naye. Katika wale watu 23, watu 17 hawakuwa wamekanyaga dukani tangu deni lilipokatazwa. Wachache kati yao kweli walikuwa wagumu kulipa. Lakini wengi walikuwa walimu, walinzi na wafanyakazi wa mji ambao hununua kwa fedha taslimu mwanzoni mwa mwezi, na kwa deni mwishoni mwa mwezi. Walipokatazwa nusu ya pili ya mwezi, walihama na nusu ya kwanza pia. Wakahama na chumvi yao, mafuta yao na sabuni yao. Baadhi yao walikuwa katika likelemba moja na Mama, ile ya kuchanga na kupokea kwa zamu, na ubaridi ukaingia hata humo. Vijana walikuwa wamehesabu deni bila kuwahesabu watu.

Tuliwaita wale vijana watano. Kozi ilikuwa imekwisha, na baraza la mitihani lilikuwa limekwisha kukaa. Hakuna alama ambayo ingeongezwa wala kupunguzwa. Mmoja alikuwa amepata kazi Kolwezi. Mwingine alijibu kwamba kazi ile ilikuwa ya kozi, na kozi imefungwa. Kwa sheria ya chuo, alikuwa na haki, wala sisi hatukuwa na neno la kumjibu, maana ndivyo tulivyoipanga kazi yenyewe: iishe siku alama zinapotolewa. Watatu walirudi.

Safari hii tuliwaomba wasiseme lolote kwa siku 3. Wakae dukani tangu asubuhi mlango unapofunguliwa hadi jioni unapofungwa, watazame, wahesabu, waulize tu. Siku ya pili, msichana mmoja wa timu aliuliza swali ambalo halikuwamo katika ripoti yenye kurasa 34: “Mama, unga huu unaununua kwa fedha gani?”

Mama alijibu kwamba anaununua kwa dola, kwa sababu sehemu kubwa ya unga huo hutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na wenye depo hutaka dola. Lakini yeye huuza kwa franka. Tatizo likaonekana. Vitabu vya uhasibu walivyosoma vina fedha moja. Maisha yetu yana mbili. Tuchukue mfano ili mwelewe. Tuseme gunia la kilo 25 linanunuliwa kwa dola 15, na dola moja ni franka 2,000. Gunia limegharimu franka 30,000. Mama anaupima katika makopo 10, kila kopo franka 3,400, anapata franka 34,000. Akihesabu, anaona faida ya franka 4,000. Lakini ikiwa unga huo aliutoa kwa deni, na analipwa baada ya mwezi mmoja, wakati dola imefika franka 2,200, gunia jipya litamgharimu franka 33,000. Ile faida ya 4,000 imekuwa 1,000. Na dola ikifika 2,300, gunia jipya ni franka 34,500: wateja wote wamelipa, hakuna aliyemdhulumu, lakini Mama hawezi tena kununua gunia alilokuwa nalo. Ongezeni juu ya hayo miezi ya mvua, kabla ya mavuno mapya, ambapo bei ya unga hupanda hata katika dola.

Kwa hiyo vijana hawakuwa wamekosea kabisa walipoona kwamba mtaji unayeyuka katika deni. Walikosea sababu. Waliona walipaji wabaya, kumbe wengi walikuwa wakilipa kila kitu walichoandikiwa. Kilichopungua kilikuwa nguvu ya franka iliyoandikwa.

Dawa haikutoka chuoni. Mama mwenyewe ndiye aliyesema kwamba kijijini kwao, mtu aliyeazima kikapu cha mahindi alirudisha kikapu cha mahindi. Vijana walitazamana. Basi wakaandika daftari jipya pamoja naye: tarehe, jina, idadi ya makopo, siku ya kulipa. Safu ya franka haikuwamo. Aliyechukua makopo 2 analipa bei ya makopo 2 ya siku ile anayolipa. Bei ikipanda analipa zaidi, ikishuka analipa pungufu, na jambo hilo anaelezwa kabla hajauchukua unga. Pia wakaweka kiasi ambacho nyumba moja haiwezi kukipita kabla ya kulipa.

Tena waliandaa daftari la pili, dogo kuliko yote waliyojifunza. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na tangu hapo wanafunzi wetu hufundishwa utaratibu wa uhasibu wa jumuiya hiyo, pamoja na mizania na majedwali yake makubwa. Lakini utaratibu huo huo una sehemu ndogo iliyowekwa kwa ajili ya biashara ndogo sana: kuandika fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Wanafunzi walikuwa wameipita haraka darasani, kwa sababu haikuonekana kuwa elimu ya watu wakubwa. Mama alihitaji hiyo tu, na ukurasa mmoja kwa dola na mwingine kwa franka.

Kisha walikwenda naye nyumba kwa nyumba kuwaona wale 17. Hiyo ndiyo sehemu iliyowagharimu zaidi, maana iliwabidi waseme kwamba ushauri wa kwanza ulikuwa wao. Baada ya miezi 3, watu 11 walikuwa wamerudi. 6 walikuwa wamekwisha kupata muuzaji mwingine, nao hawakurudi. Mama alifika tena magunia 10 kwa juma. Hakufika 12 mwaka ule. Tunaitaja hesabu hiyo ili mjue kwamba si kila kosa la mwalimu hurekebishwa lote.

Tangu hapo tumeendelea kufundisha kwa wateja wa kweli, lakini kwa masharti tunayotaka kuwaeleza, kwa sababu wengi wenu mtaombwa siku moja kumsaidia mtu katika biashara yake, iwe chuoni, iwe katika shirika lenu.

Kwanza, tunaandikiana na mteja. Karatasi ni moja tu, kwa Kiswahili, na inasema wanafunzi watafanya nini, hawatafanya nini, na watakwisha lini. Inasema pia kwamba majina ya wadaiwa na siri za nyumba hazitatoka dukani. Katika ripoti ya kwanza majina yale 23 yalisomwa na darasa zima. Leo tunaona haya tukikumbuka.

Pili, ziara mbili za mwanzo ni za kutazama na kuuliza. Atakayetoa ushauri siku hizo anapoteza alama.

Tatu, ushauri wote hujaribiwa kwanza katika sehemu ndogo. Kama timu ile ingesema, jaribu kukataza deni kwa watu 3 kwa majuma 2, Mama angepoteza wateja 3, nasi tungejifunza yale yale. Mtu mwenye duka moja hawezi kubeba jaribio la duka zima. Kampuni kubwa ikikosea itapata hasara katika tawi mojawapo. Mama wa Katuba akikosea, watoto wake hawatakwenda shule.

Nne, kabla ya kutolewa kwa Kifaransa mbele ya wahadhiri, ripoti husemwa kwa Kiswahili mbele ya mteja. Sharti hili lilipingwa na baadhi ya wahadhiri, waliodhani tunashusha kiwango. Sisi tumeona kinyume. Mwanafunzi anaweza kuficha ujinga wake nyuma ya neno la Kifaransa alilolikariri. Lakini inapombidi amweleze Mama kwa nini faida iliyoandikwa daftarini haipo sandukuni, hapo ndipo tunajua kama ameelewa. Na mteja ana ruhusa ya kusema: sivyo. Mara kadhaa neno hilo limeokoa biashara ya mtu.

Tano, sehemu ya alama tunaiweka akiba hadi timu itakaporudi kwa mteja baada ya mwezi mmoja. Hatutoi alama kwa sababu mteja amepata faida, kwa maana faida hutegemea pia mvua, barabara na bei ya dola. Wala hatumwombi mteja atoe alama, kwa sababu vijana wangeanza kumwambia yale anayopenda kusikia. Tunatazama kama waliona matokeo ya kazi yao, na kama waliyasema jinsi yalivyo, hata yalipowaaibisha.

Sita, mwalimu hutia sahihi yake chini ya ushauri akijua maana ya kutia sahihi. Mama alimwamini mtu aliyemfahamu kanisani. Basi mtu huyo hana budi kwenda dukani mwenyewe kabla ya ushauri kutolewa.

Njia hii ina ugumu wake. Hatuwezi kuitumia katika ukumbi wenye wanafunzi 400. Mwalimu mmoja hawezi kufuata zaidi ya timu 6 kwa uaminifu. Nauli ni tatizo, na kuna timu zilizotembea kwa miguu kutoka mjini hadi Katuba. Tena kuna wateja wanaotaka mikono ya bure. Mwenye biashara mmoja alitaka wanafunzi wasimame kwake mwezi mzima wakibeba na kuhesabu mizigo, na mwishoni atie sahihi karatasi yao. Tulikataa. Mteja wa kweli huleta tatizo analotaka kulielewa, na hutoa muda wake kulieleza. Asiyetoa kitu chochote atawatumia vijana kama vibarua, nao hawatajifunza ila uchovu. Hata hivyo, sasa ambapo vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa LMD, unaohesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi nje ya darasa, nafasi ipo ya kufanya jambo hili vizuri, chuo kikitaka.

Vijana wapendwa, mkirudi katika swali lenu la kwanza, jibu letu ni hili. Elimu ya biashara ina faida inapokutana na mtu mwenye kitu cha kupoteza. Lakini mtu huyo hakuzaliwa ili awe zoezi letu. Anapotufungulia daftari lake, anatukabidhi chakula cha watoto wake, na kwa hiyo kazi haiishi siku tunapopokea alama. Yule kijana aliyesema kwamba kozi imefungwa hatumhukumu. Sisi ndio tuliokuwa tumemfundisha kuhesabu hivyo.

Tunawaomba basi mzungumze katika vikundi vyenu. Katika mtaa wenu, ni nani anayefanya biashara bila kujua kama anapata au anapoteza, na ni nani kati yenu anayeweza kukaa naye siku 3 bila kumpa ushauri? Je, mnaweza kueleza kwa Kiswahili, mbele ya mama anayeuza sokoni, neno moja mlilojifunza chuoni kwa Kifaransa? Na mlipomshauri mtu mara ya mwisho, katika jambo lolote lile, mlirudi kwake kuuliza yaliyompata?

Mama wa Katuba bado anauza unga. Kila mwaka, kabla hatujawatuma wanafunzi wapya mitaani, tunamwalika chuoni kwa saa moja, tukimlipia nauli. Huja na madaftari yake mawili, la zamani na jipya, huyaweka juu ya meza ya mhadhiri, na wanafunzi husogea karibu ili wayaone. Majina ya daftari la zamani ameyafunika kwa karatasi.